Mlaji wa Nne

Chumba cha Kuchapia, 3 Juni

Mume wangu wa mlimani,

Salamu ulizompa dereva wa lori zimenifika, ingawa nadhani nusu alizila njiani, maana alisema "mjukuu wako anakusalimia" halafu akaomba chai. Mimi mzima. Mama yako mzima. Dada yako amenunua kabati lisilopita mlangoni, sasa linakaa barazani likingoja nyumba ikue. Baba yako naye hajambo, na kile chumba cha nyuma alichokipaka rangi ya maziwa kwa ajili yangu bado anakitaja kila akija. Safari hii ameniambia ameweka pazia.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka siku aliyoniondolea taipureta yangu akaniletea hii laptop. Alisema mbele yenu wote, "Mama, siku mashine hii itakapokushinda ukaita fundi, unafunga chumba, unakuja kupumzika kwangu." Nami kwa kiburi changu nikasema sawa, tukapeana mkono. Miaka miwili haijanishinda. Sasa imeanza.

Nikiwa katikati ya kazi, pembeni mwa kioo kunatokea kidirisha: "Umeme umezidi kwenye mlango wa USB. Kifaa kinahitaji umeme kuliko uwezo wa mlango." Halafu ile kibodi uliyoninunulia, yenye vitufe vinavyopanda na kushuka kama vya taipureta, inakufa. Napiga, hakiandikwi kitu. Nazima, nawasha, inafufuka, nayo kesho yake inakufa tena. Na kazi niliyonayo haingoji. Rafiki yangu mkunga mstaafu anatunga kitabu cha kumbukumbu za kazi yake. Macho yake yamefifia, kwa hiyo yeye anasema, mimi napiga chapa. Tuko sura ya sita, na mchapishaji anakitaka kabla Oktoba haijaisha. Juzi kidirisha kilipotokea, mkunga aliuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia mashine imegoma. Akasema, "Isikilize inavyopumua kwanza."

Fundi wa pale kona siwezi kumwita. Anacheza drafti na baba yako kila Jumamosi, na hana kifua. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Kumwandikia mume si kuita fundi. Sheria naijua, nimeipiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja.

Nijibu upesi.

Bibi yako


Kambi ya Mnara, 15 Juni

Shikamoo Bibi, mke wangu usiyezeeka,

Barua yako imekuja na lori la jana, pamoja na misumari na magunia ya saruji. Huku ni baridi ya kukata masikio. Mnara umefika mita ishirini na mbili, bado kumi na nne. Wenzangu wanacheka kwamba tunajenga mnara wa simu mahali simu isiposhika hata kidogo, na mpaka uwake, sisi mafundi wa simu tunaishi kwa barua. Mganga hajigangi. Msimamizi amenihamishia ofisini kwa muda, napokea redio na kupika chai. Kabati la dada litolewe milango kwanza, litapita.

Usiogope hicho kidirisha. Tundu la USB lina umeme mdogo wa kugawa. Likiombwa kuliko lilicho nacho linajifunga ili lisiungue. Ni onyo, mashine haijafa. Kazi yetu ni kujua nani anaomba mno.

Zima mashine, chukua brashi laini, safisha matundu yote, la laptop na yale ya kile kigawanyio kinachoongeza matundu. Tazama ndani kwa tochi kama kuna chuma kilichopinda. Kibodi ibadilishie tundu. Halafu chomoa kila kitu, urudishe kimoja kimoja, ukikaa na kila kimoja nusu saa. Na tafadhali weka daftari: kila onyo likija, andika siku, saa, na ulikuwa unafanya nini. Jifanye uko mahakamani na mashine ndiyo mshtakiwa.

Mkunga nisalimie. Baba sitamwambia kitu.

Mumeo


29 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Hapa sote wazima. Kabati limetolewa milango, likapita, sasa milango ndiyo haitaki kurudi. Mama yako anakuulizia kama unakula. Nami nakuuliza, tangu lini fundi wa kupanda mnara akahamishiwa kupika chai?

Nimefanya kila ulichosema. Ndani ya matundu nimetoa vumbi la kutosha kujaza mto, na punje moja ya mchele. Chuma hakijapinda. Nikachomoa kila kitu, nikarudisha kibodi, kimya. Nikarudisha kipanya, kimya. Nikarudisha ile flashi ninayohifadhia kitabu, kimya. Nikakaa mchana mzima na vitatu vyote, tukapiga kurasa kumi na moja, mashine imetulia tuli. Nikajiona nimeshinda, hata nikamnunulia mkunga soda.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi ikakufa.

Kumbukumbu za mahakama ni hizi. Jumatatu, saa moja na nusu, manyunyu, onyo. Jumanne na Jumatano, jua, hakuna kitu. Alhamisi, saa moja, baridi, mkunga amekuja na makoti mawili, onyo mara tatu. Ijumaa, saa mbili kasoro, ukungu, onyo. Jumamosi, jua, hakuna kitu. Jumatatu iliyofuata, mvua kutwa, maonyo saba, na baba yako akaingia akanikuta nimekodolea kioo. Nikamwambia natafakari. Akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema pazia la chumba kile ni la buluu.

Mume wangu, sitaki pazia la buluu. Hapa nina mlango wangu unaotazama barabara, fundi viatu wa upande wa pili wa ukuta anapiga nyundo siku nzima, watu wanaingia na shida zao nikiwapigia barua zao. Kwa baba yako nitaamshwa ninywe chai, nitalazwa baada ya taarifa ya habari. Ananipenda, najua. Lakini nitakwisha.

Na mwandiko wako mbona umelala upande?

Bibi yako


11 Julai

Shikamoo Bibi,

Mwandiko umelala kwa sababu niliandikia ndani ya lori. Mnara umefika mita ishirini na nane. Hapa hatujambo, mpishi wetu amegundua dengu na sasa hajui chakula kingine.

Daftari lako ni zuri kuliko la fundi yeyote niliyefanya naye kazi, nami nimelisoma mara nne. Sasa tupige hesabu. Tundu lile lina uwezo wa kugawa mia tano. Usiulize mia tano za nini, wewe zichukue kama vikombe vya maji. Kibodi yako inakunywa mia. Kipanya mia. Flashi, ikijitahidi sana, mia mbili. Jumla mia nne. Wote wamekunywa na maji yamebaki. Vitatu hivyo haviwezi kuleta onyo hata vikigombana.

Bibi, kigawanyio kile nilikinunua mimi. Kina matundu manne. Umenitajia vitu vitatu. La nne lina nini?

Mumeo


20 Julai

Mume wangu,

Marahaba. Tuko wazima.

Tundu la nne lina upepo.

Na lori haliandiki hivi. Nimesoma miandiko ya watu tangu kabla baba yako hajaota meno. Nimesoma ya majaji, ya walevi, ya wanaoandika wosia mkono ukitetemeka. Barua zako zote mbili, maneno yameegemea kushoto, na wino umepakazwa kila mstari, kana kwamba mkono unapita juu ya neno ukishaliandika. Anayeandika kwa kulia mkono wake unalikimbia neno. Anayeandika kwa kushoto unalifuta. Wewe si wa kushoto. Nilikushika mimi hicho kidole ukijifunza herufi ya kwanza.

Mkono wa kulia una nini?

Bibi yako, mwenye macho


2 Agosti

Shikamoo Bibi,

Umenikamata. Ngazi iliteleza mwishoni mwa Mei, nikaangukia kifundo cha mkono, mfupa ukapata ufa. Daktari wa kambi amenifunga plasta hadi kwenye kiwiko. Ndiyo maana napokea redio na kupika chai. Sikusema kwa sababu Baba angesema alinionya kuhusu minara, Mama angelia, na wewe ungepanda lori kuja kunilisha kwa kijiko mbele ya wanaume kumi na wawili. Nilitaka pia nisishushwe mlimani kabla mnara haujawaka. Hauumi tena. Plasta inatoka wiki mbili zijazo. Nisamehe.

Mimi nimekwisha sema. Zamu yako.

Nimelirudia daftari lako. Onyo linakuja asubuhi, siku ya mvua, siku ya ukungu, siku mkunga anapovaa makoti mawili. Jua likiwaka, hakuna. Na siku ya majaribio uliyoshinda ilikuwa mchana. Nimefanya kazi na mashine miaka tisa, Bibi, na laptop ya mezani haijali manyunyu ya nje. Anayesikia baridi ni mtu. Mlaji wetu wa nne ni kitu unachokichomeka unaposikia baridi, na kwa njaa yake kitakuwa kitu cha kutoa joto.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niambie ni nini. Sitacheka. Pengine nitacheka kidogo.

Mumeo wa mkono mmoja


14 Agosti

Mume wangu,

Nimelia kidogo kwa ajili ya mkono wako, halafu nikakasirika, halafu nikakutumia soksi. Usivae plasta kama bangili. Ikitoka, fanya mazoezi anayosema daktari. Mama yako nimemwambia kwa utaratibu, ameanza kulia kabla sijafika kwenye mkono, kwa hiyo imekwenda haraka.

Ni glavu.

Nilizinunua kwa mchuuzi aliyepita mlangoni mwezi wa tano. Hazina ncha za vidole, zina waya ndani, na mkia unaochomekwa USB. Ukizivaa zinapata moto mzuri mpaka kwenye mifupa. Ndizo zilizo kwenye tundu la nne. Uliponiambia nichomoe vifaa vyote sikuzihesabu. Nilijiambia umeuliza vifaa vya kompyuta, na glavu ni nguo. Nilijidanganya hivyo ili nisikudanganye wewe.

Vidole vyangu, mume wangu, siku hizi vinaamka baada yangu. Asubuhi naviita haviji. Kidole cha shahada cha kulia kimevimba kwenye kiungo, na kifungo cha blauzi nakifunga kwa dakika tano. Ikifika saa nne, jua likiingia, vinarudi na nafanya kazi yangu. Lakini mkunga huja saa moja, maana asubuhi ndiyo kumbukumbu zake zinakuwa safi, nami sikutaka kumwambia aje mchana. Ningemwambia kwa nini? Nikisema mikono, naye akisema kwa mtu mmoja tu, kesho baba yako yuko mlangoni na gari la kubebea mizigo. Mashine ikiharibika inatengenezwa. Mikono ya mpiga chapa ikiharibika, ndiyo basi. Hilo ndilo nililoliogopa tangu barua ya kwanza, si kidirisha.

Mkunga alikuwa anajua. Ananishika mkono kila akiingia. Ameshika mikono ya watu wenye maumivu maisha yake yote, halafu mimi nikafikiri hataona kwa sababu ya macho.

Sasa cheka. Wiki iliyopita nilisimama haraka kumpokea mteja nikiwa nimezivaa, laptop ikanifuata. Niliidaka kwa goti.

Bibi yako


27 Agosti

Shikamoo Bibi yangu,

Nimecheka mpaka mpishi akaja kutazama. Halafu nikatoka nje nikakaa juu ya gunia la saruji, nikakaa sana. Mficha maradhi, mashine imemuumbua. Na mimi niliyeficha ufa wa mfupa, sina la kusema.

Tumalize la mashine kwanza, ni jepesi. Soma ile lebo ndogo kwenye mkia wa glavu. Nadhani itasema zinahitaji ampea mbili nzima, na kwa vikombe vyetu hiyo ni elfu mbili. Tundu lina mia tano, na hizo mia tano zinagawanywa kwa wote. Wewe ulikuwa unakaa mezani na mlaji anayetaka chakula cha nyumba nne. Zitoe glavu kwenye laptop kabisa. Zichomeke kwenye kichwa cha chaja ya simu, ukutani, chenye uwezo ulioandikwa kwenye lebo. Na ukipata nafasi, badilisha kigawanyio, uliza chenye waya wake wa kwenda ukutani. Onyo halitarudi. Laptop haikuwa na kosa lolote, na wala wewe hujashindwa nayo.

La pili, nenda kwa daktari wa viungo. Si kesho kutwa.

La tatu ndilo zito. Baba ameniandikia. Anauliza, "Wewe unaelewana na Bibi yako, niambie kweli, mashine imemshinda?" Barua yake ninayo wiki tatu, sijaijibu. Mashine naweza kuitetea bila kusema uongo hata mmoja. Lakini yeye hataki habari za mashine, Bibi. Anauliza habari zako. Sitamdanganya, na sitakuchongea. Mwambie mwenyewe, kabla ya lori lijalo.

Plasta imetoka. Mkono umekuwa mwembamba kama wa jirani. Ndiyo maana herufi zimesimama lakini zinayumba.

Mumeo


16 Septemba

Mume wangu,

Marahaba, na mkono wako nimeuona. Herufi zinayumba lakini ni zako. Nimezisoma mara mbili kwa furaha tu.

Glavu ziko ukutani. Lebo ilisema vilevile ulivyosema. Siku kumi na tisa, asubuhi kumi na tano za baridi, onyo hata moja. Daktari wa viungo ameniambia ni uzee wa viungo, amenipa dawa na mazoezi ya kufinya mpira, na amesema nisiache kupiga chapa ila nipumzike kila nusu saa. Nilimwomba aandike hayo kwenye karatasi yenye mhuri.

Baba yako nilimwita Jumapili. Nilipanga kumwambia kwa hoja, kama wakili. Alipoketi, hoja zote zikanikimbia, nikazivaa glavu mbele yake nikamwambia, "Mwanangu, mashine haijanishinda. Vidole ndivyo vinanisumbua, asubuhi, na nilikuficha kwa sababu ya lile pazia."

Akavua glavu ya kulia mwenyewe, polepole, akakitazama kile kidole. Akauliza, "Kinauma sana?" Nikasema asubuhi tu. Akauliza, "Na mimi ndiye ulikuwa unaniogopa?" Nikasema ndiyo. Mume wangu, baba yako alilia hapo kwenye kiti cha wateja, na mimi nikalia, na fundi viatu akaacha kupiga nyundo ili asikie vizuri.

Halafu akakumbuka mkataba, akafuta uso, akasema, "Lakini ulimwita fundi. Mwanangu ni fundi." Nikamwambia nilimwandikia mume wangu habari za nyumbani, na mke hazuiwi. Akacheka. Kisha akaomba kurasa za mkunga, akazisoma hapo hapo mpaka giza likaanza kuingia. Kuna mahali mkunga anaeleza usiku aliozaliwa baba yako mwenyewe, jinsi nilivyomtukana kila mtu chumbani. Hakuwahi kuisikia. Aliporudi Jumanne alileta kigawanyio kipya chenye waya wake, na ile taipureta yangu. Kumbe hakuiuza. Ameiweka rafuni, kwa kuitazama. Chumba cha nyuma bado kipo, amesema, na changu pia kipo.

Imebaki sura moja. Mkunga sasa anakuja saa tatu. Anasema na kumbukumbu zake zilikuwa zinataka kulala kidogo.

Bibi yako


9 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Mnara umewaka! Juzi, saa tatu na robo asubuhi. Wote kumi na watatu tulisimama chini tukiwa tumeshika simu zetu, hakuna anayepumua. Msimamizi akasema simu ya kwanza ipigwe na aliyeanguka kwa ajili ya mnara huu. Wakanisukuma mbele.

Nikakupigia wewe. Mlio wa simu ukaenda, nikaruka, mpishi akaruka. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Mara tano, Bibi. Wenzangu wakaanza kutazama viatu vyao. Niliona kile kidole, niliona umeanguka, niliona gari la mizigo. Nikampigia fundi viatu.

Akapokea. Nikamuuliza, "Bibi yangu yuko wapi?" Akasema, "Yupo hapa ukutani, namsikia." Nikamwambia hapokei simu. Akasema ngoja. Nikasikia anagonga ukuta kwa nyundo na kukupigia kelele kwamba kuna simu. Nikasikia vitufe, Bibi, kupitia ukuta na mlima wote huo, havikusita hata kidogo. Halafu nikasikia sauti yako ikisema, "Anayepiga asubiri, niko katikati ya sentensi."

Nikakata simu. Wakaniuliza amesema nini, nikaketi chini ya mnara wangu nikicheka na machozi yakinitoka.

Mumeo


18 Oktoba

Mume wangu,

Marahaba. Sote wazima. Milango ya kabati imerudi.

Ilikuwa sentensi ya mwisho ya kitabu. Sasa nimeimaliza. Piga.

Bibi yako